Kanisa la Mkunazini na Njia ya Mgunda Mkali

Ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini mjini Unguja, kuta ni za mawe ya matumbawe, paa ni la zege, na sakafu ya madhabahuni ni marumaru. Katikati ya mawe hayo yote, kitu ambacho wageni hawaondoki bila kukiulizia ni cha mbao: msalaba ambao mapokeo ya kanisa yanasema ulichongwa kutoka kwenye mti wa Chitambo, katika nchi tunayoiita Zambia leo. Chini ya mti ule, mwezi Mei 1873, watumishi wa David Livingstone walizika moyo wake. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaubeba mabegani kuelekea pwani. Mti wenyewe ulikatwa mwaka 1899, na kipande cha shina chenye maandishi yaliyochongwa na Jacob Wainwright kikapelekwa London.

Abdullah Susi, James Chuma, Wainwright na wenzao walifika Unyanyembe, Tabora ya leo, mwezi Oktoba. Walimkuta hapo Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike bwana wao palepale wasijitie taabuni. Walikataa. Novemba wakashika safari tena, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Sikukuu ya Krismasi ya 1873 iliwakuta njiani, wakiwa mahali fulani kati ya Unyanyembe na pwani. Siku hiyohiyo, kisiwani Unguja, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo baadaye lingeutunza msalaba wa mti wa Chitambo.

Njia kuu kutoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo ilikata nchi ambayo leo ni kusini mwa Mkoa wa Singida. Misafara iliuita ukanda ule Mgunda Mkali: pori la miombo na vichaka vya Itigi visivyopenyeka, maji ya shida, na siku kadhaa za kutembea bila kuona kijiji. Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapo mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871, akimtafuta huyohuyo Livingstone. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, aliijua njia ile vizuri, na nyumba yake bado ipo Mji Mkongwe. Ukitoka Mgunda Mkali kuelekea mashariki unafika Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake inaanza Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kila kikundi kilichotaka maji na ruhusa ya kupita.

Nimeanza huku bara kwa sababu kanisa la Mkunazini huelezwa kila mara kutokea baharini. Meli inatia nanga, askofu anashuka, soko la watumwa linafungwa, kanisa linajengwa mahali pake. Waliofikishwa sokoni hawakutokea baharini. Walitembea, na wengi wao walikuwa wametembea mamia ya maili kabla hawajaiona bahari.

Hapa pana jambo la kusahihisha ambalo watu wa mikoa ya kati husimuliwa vibaya. Njia ya Unyanyembe ilikuwa kwanza njia ya pembe za ndovu, na wapagazi wake, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira. Watumwa walipitishwa pia, hilo halina ubishi, lakini sehemu kubwa zaidi ya waliouzwa Unguja walitoka nchi za Ziwa Nyasa na kuteremshwa Kilwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua. Makadirio ya mabalozi wa Uingereza karibu na mwaka 1860 yalitaja takriban watu 20,000 kwa mwaka walioingizwa Unguja. Baadhi walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa hadi Arabuni na Ghuba. Kwa hiyo mtu wa Manyoni, mkoani Singida, anayesimama Mkunazini na kusema babu zetu waliuzwa hapa hakosei, ila akumbuke kwamba mtu wa Masasi, kule kusini, ana haki ya kusema hivyo kwa sauti kubwa zaidi.

Misheni iliyojenga kanisa ilizaliwa Cambridge. Desemba 1857 Livingstone alihutubia kwenye ukumbi wa chuo kikuu hicho, akawataka vijana wasomi waje Afrika na biashara na Ukristo. Vyuo vya Oxford na Cambridge, kisha Durham na Dublin, vikaunda Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Kundi la kwanza, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, liliweka kambi Magomero, katika nyanda za juu za Shire, mwaka 1861. Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Askofu aliyechukua nafasi yake, William Tozer, aliitazama hesabu ya makaburi akaamua kurudi nyuma. Mwaka 1864 alihamia Unguja pamoja na kasisi msomi wa sheria, Edward Steere. Huko Uingereza wapo waliomcheka Tozer kwamba ameikimbia Afrika akajificha kisiwani. Nadhani hawakumtendea haki. Kisiwani ndiko zilikokuwa meli, ndiko lilikokuwa soko, na ndiko ilikokuwa lugha ambayo ingempeleka mtu kokote bara.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa Tozer na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwingine aliyetokea utumwani, Myao aliyeitwa Cecil Majaliwa, alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufika daraja hilo, na alikuwa tayari anafanya kazi Chitangali, karibu na Mto Ruvuma, akiwahubiria Wayao wenzake. James Chuma naye aliokolewa utumwani mwaka 1861 na watu wa Livingstone, akakaa Magomero, akamfuata Livingstone hadi mauti, na mwaka 1876 akaongoza msafara wa Steere uliowapeleka watumwa walioachwa huru kutoka Unguja hadi Masasi. Alifia Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David. Watu hawa wawili walioubeba mwili wa Mzungu mmoja kutoka Chitambo walimalizia maisha yao kwenye misheni hii. Hata hivyo mgeni akiingia Mkunazini husikia jina la Livingstone mara kumi kabla hajasikia la Chuma mara moja.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akibanwa na balozi John Kirk na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Unguja uliondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Lakini uwanja wa Mkunazini ulibaki wazi, na misheni ikauwahi. Sehemu yake ilinunuliwa na Kasisi Arthur West. Sehemu nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Hilo la Senji lingestahili kibao chake mlangoni: kanisa la Kianglikana kwenye mji wa Waislamu, juu ya ardhi iliyotolewa na Mhindu.

Tozer alijiuzulu kwa maradhi, na mwaka 1874 Steere akawa askofu. Michoro ya kanisa ilitoka Uingereza, kwa mchoraji majengo C. F. Hayward, lakini kilichojengwa kilibadilika sana mikononi mwa Steere, ambaye hakuwa mhandisi. Matao yana ncha za Kigothi, na yanakaa karibu na urembo unaomkumbusha mtu nyumba za Waarabu wa mjini. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, kazi ikiwa haijaisha.

Suala lililomsumbua Steere zaidi lilikuwa paa, na hapo ndipo mti unaporudi kwenye habari hii.

Ukiingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Dari zilishikiliwa na miti ya mikoko iliyokatwa deltani, Rufiji na kwingineko, na boriti ya mkoko haibebi salama zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti. Kanisa kuu haliwezi kuwa na upana wa chumba cha kulala. Ulaya jawabu lilikuwa kenchi kubwa za mwaloni au msonobari, lakini mbao za kuagiza zilikuwa ghali, na mchwa wa Unguja hawachagui mti wa nchi gani. Kuna visiwa ambako kanisa zima la mbao linadumu. Kizhi, katika Ziwa Onega huko Urusi, lipo kanisa la magogo la mwaka 1714 lenye kuba 22, na mafundi wa karne hii walilikarabati kwa kuinua tabaka za magogo kwa jeki, wakabadilisha yaliyooza chini na kuzishusha tena za juu. Baridi ya huko huwazuia mchwa. Unguja ina joto, unyevu na chumvi hewani mwaka mzima, na hapo mti hauna mtetezi.

Steere akaamua kuacha mbao kabisa. Alifunika ukumbi wote kwa kuba refu la zege, saruji ya Portland ikichanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Mjini watu walisema litaanguka. Wapo waliosubiri vihimili viondolewe ili waone. Viliondolewa, na paa lipo mpaka leo. Kwa miaka ile, zege la upana huo lilikuwa jambo la kuthubutu hata London, na lilimwagwa na mafundi ambao wengine walijifunza kazi hapohapo. Waongozaji wa watalii husimulia kwamba nguzo kumi na mbili za nyuma zilisimamishwa kichwa chini miguu juu wakati askofu amesafiri, naye aliporudi akaziacha. Iwe kweli au utani wa mafundi uliokomaa ukawa historia, ukizitazama nguzo zile unaona kwa nini hadithi imeshika.

Kazi ya pili ya Steere ilifika mbali kuliko zege lake. Alikaa na Waswahili wa Unguja akiandika walivyosema. Kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja vilitoka mwaka 1870, na tafsiri za Maandiko alizozianza zikachapwa moja baada ya nyingine mpaka Biblia nzima mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Kikao cha Mombasa kilipokichagua Kiunguja mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, maandishi ya Mkunazini yalikuwa sababu mojawapo. Mtoto wa Kinyaturu au Kinyiramba anayejifunza kusoma Kiswahili darasa la kwanza Singida anasoma lahaja ambayo ilipewa vitabu kando ya soko lile. Steere alikufa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Mahali pa madhabahu yenyewe ndipo panapobishaniwa. Kanisa linasema ilisimama palipokuwa mti wa kuwacharazia watumwa viboko, na duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu linaonyesha pale mti ulipokuwa na damu iliyomwagika. Mnara wa saa nao una simulizi yake: Barghash alitoa saa kwa sharti kwamba mnara usipite kasri lake la Beit al-Ajaib kwa urefu. Halafu yapo mashimo. Karibu na kanisa kuna jengo la Mtakatifu Monika, ambalo chini yake vipo vyumba viwili vifupi visivyo na hewa ya kutosha, na kwa miaka mingi wageni wameambiwa watumwa walifungiwa humo kusubiri mnada. Watafiti wa miaka ya karibuni wamesema wazi kwamba jengo lile ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na vyumba vile yaelekea vilikuwa ghala. Wanaovitetea husema mahali pa kukumbuka hapahitaji hati ya fundi ujenzi. Sikubaliani nao. Mateso ya soko lile yameandikwa na walioyaona kwa macho yao, na yanatosha. Ukimwonyesha mgeni ghala ukamwambia ni gereza, siku atakapogundua ataanza kuutilia shaka hata uwanja wenyewe, ambao haupaswi kutiliwa shaka.

Nje, kwenye shimo la mraba, zipo sanamu tano zilizofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hizi hazijifanyi mabaki ya soko, ndiyo maana zinaaminika.

Kwa miaka zaidi ya mia moja kanisa lilitumika, likachakaa, likapigwa viraka. Mvua za masika zilipenya kwenye paa. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua: zinanyonya unyevu na kuutoa. Mtu akizipiga lipu ya saruji kwa kutaka kuziimarisha, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na ukuta unaoza kutoka tumboni, huku nje ukionekana mzima. Makosa hayo yalifanyika Mji Mkongwe kote katika karne iliyopita, na hata kuingizwa kwa mji huo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 hakukuyakomesha.

Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2016, kwa ushirikiano wa Dayosisi ya Anglikana ya Zanzibar na Mfuko wa Minara ya Dunia wenye makao New York, Umoja wa Ulaya ukiwa mfadhili mkuu. Kazi ilihusu paa, nyufa, kuta na vioo vya rangi, na sehemu muhimu ya juhudi ilikuwa kurudisha chokaa mahali ambapo saruji haikupaswa kuwepo. Hilo linahitaji mafundi, na mafundi wa chokaa walikuwa wamepungua sana kisiwani. Chokaa ni kazi ya subira: matumbawe yanachomwa tanuuni kwa kuni, yanazimwa kwa maji, yanaachwa yalale muda mrefu, na ukutani yanapakwa tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likingoja la chini likauke. Mkandarasi mwenye haraka huichukia kazi hii. Pamoja na ukarabati, kikafunguliwa kituo cha urithi chenye maelezo ya utumwa wa Afrika Mashariki, kikiweka Kilwa, Nyasa, Unyanyembe na Ghuba kwenye ramani moja. Kwa maoni yangu kituo hicho kilikuwa na thamani sawa na paa.

Hatari ya kuchelewa ilionekana hatua chache kutoka hapo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Kasri la sultani, lililojengwa mwaka 1883 ili kuonyesha ukubwa wa dola yake, lilianguka, na kanisa la Steere, ambalo mji mzima ulisema litaanguka, limesimama. Haikuwa nguvu ya imani. Kanisa lilifanyiwa kazi mapema, kasri likasubirishwa.

Mwanglikana wa Manyoni anayeingia Mkunazini kwa ibada anaweza kujiuliza kama amekosea mlango. Kuna uvumba, kuna mishumaa, padri amevaa kama wa Kikatoliki. Wilaya yake iliinjilishwa na misheni nyingine ya Kianglikana, CMS, yenye mwelekeo wa kiinjili, ambayo baadaye ilipata watu wake wengi kutoka Australia. Mwaka 1913 tofauti hizo ziliwasha moto pale Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipowashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa kushiriki meza ya Bwana na Waprotestanti kule Kikuyu, Kenya. Leo Dayosisi ya Rift Valley, yenye makao wilayani Manyoni, na ya Zanzibar ziko kanisa moja la Tanzania, na mtu anaweza kuhamisha ushirika wake kutoka moja hadi nyingine kwa barua ya padri.

Njia waliyopita wale wabebaji wa mwili wa Livingstone haikupata bahati ya kanisa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapita Manyoni na Itigi, na misafara ikaisha karibu kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde ni ya Singida. Bagamoyo ina makumbusho na Ujiji ina mnara wa Livingstone na Stanley. Kilimatinde watalii hawafiki.

Kama siku moja fedha za kukarabati Kilimatinde zitapatikana, hofu yangu ni kwamba watakuja na mifuko ya saruji kwanza, wapige lipu boma la Mjerumani na kupaka rangi. Wataalamu wa Mkunazini walianza na nyaraka, kisha ukuta. Kilimatinde itahitaji watu wa kukaa na wazee wa Kigogo, Kikimbu na Kinyaturu kuuliza visima vya misafara vilikuwa wapi, hongo ililipwa kwa nani, na nani alibaki nyuma mgonjwa akawa mwenyeji wa kijiji. Wazee hao hawangoji mfadhili wa Ulaya.